Chumvi ya Somo la Mto

Asubuhi ile nilichukua kopo la chumvi jikoni bila kumwambia mke wangu. Chumvi ilikuwa imeadimika Lubumbashi kwa wiki nyingi, na ile ndiyo pekee iliyobaki nyumbani. Nilijua. Lakini nilikuwa nimechoka kufundisha kwa mdomo mtupu. Kila siku tuliimba nyimbo za chama mbele ya bendera, kisha nikaingia darasani na chaki, kuwaeleza watoto wa wachimba shaba jinsi mto wetu mkubwa unavyokutana na bahari. Bahari yenyewe hatukuwahi kuiona, wao wala mimi.

Nikakoroga chumvi yote katika chupa pana ya maji. Juu yake nikamimina chai baridi polepole, kwa mgongo wa kijiko. Ikakaa juu, nyekundu, bila kuchanganyika. Nikawaambia: maji ya mto ni mepesi, hupita juu, ya bahari ni mazito, huingia kwa chini. Hewa ya juu haishuki. Uchafu unaozama na kuoza humaliza ile ya chini, na viumbe wasioweza kupanda hufa, huku samaki wa juu wakiogelea tu. Watoto wakasogea kuitazama chupa. Kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi nilijiona mwalimu. Kengele ilipolia nikamwaga yale maji nyuma ya ukuta.

Nyumbani, kule Annexe pembezoni mwa mji, nikamkuta mke wangu mbele ya vikapu viwili vya samaki wa kuuza. Lori la samaki kutoka Kilwa, ile ya kwetu ziwani, lilikuwa limekwama njiani, likafika mchana ule, na samaki walitaka chumvi saa ileile. Kuni zilikuwa zimelowa mvua, kuwakausha motoni haikuwezekana. Kusema kweli, samaki ndio waliotulisha, si chaki yangu. Alikuwa amezunguka kwa majirani wote akiomba chumvi, akarudi mikono mitupu.

"Chumvi iko wapi, papa?" akaniuliza. Papa, yaani baba, ndivyo alivyoniita.

Nikamweleza. Nilipoishiwa na udhuru nikamweleza na somo lenyewe, mpaka wale wanaokufa chini. Alisikiliza huku akifukuza nzi.

"Na bale ba juu, banajua?"

"Hapana. Kwabo maji iko muzuri."

"Basi ule wa juu njo weye," akasema.

Hakupaza sauti. Niliona haya kuliko kama angenitukana. Kufikia usiku samaki walikuwa wameoza; nikachimba shimo nyuma ya nyumba, nikawafukia samaki wote, naye akaenda kuosha vikapu.