Magunia Kumi na Moja na Gorogoro Kumi na Nane

Saa tatu na dakika kumi na mbili asubuhi, jina la mama mmoja wa Kanduyi lilitokea kwenye orodha ya malipo bila mahindi. Mwenyewe alikuwa ameketi kwenye benchi ofisini mwangu, Kitale, stakabadhi mkononi. Orodha ilitakiwa benki kabla ya saa sita. Ambaye angekosa angengoja mwezi mzima, na shule zilikuwa zinafunguliwa Jumatatu.

Nilikuwa karani wa ushirika wa wakulima. Kompyuta nilijifunza peke yangu, kwa kitabu kisicho na jalada. Nje ukungu wa Mlima Elgon ulikuwa umelala juu ya mabati, na tarakimu kwenye skrini zilikuwa kama vitu vinavyoonekana chini ya maji.

"Karani, hiyo mashine imekula mahindi yangu?" mama akauliza.

"Haijala, mama. Imekataa hata kuonja."

"Basi ikataze kukataa, bana. Mimi si nilipimiwa?"

Nilifungua faili lililotoka Bungoma. Juu walikuwa wenye malori, magunia yao: 120, 85, 200. Kompyuta ilitazama hao wa kwanza, ikaamua kwamba safu nzima ni namba tupu. Chini walikuwa wenye baiskeli na punda, na kwa mama yule palikuwa pameandikwa: 11 na gorogoro 18, yaani makopo ya masalio yasiyojaza gunia. Maneno yaliingia mahali pa namba, mashine ikaacha nafasi wazi.

Nilimpigia simu karani wa Bungoma. Kwa nini hakuandika kumi na moja tu?

"Ati nimwage masalio ya mtu?" akauliza. "Wewe ungekubali?"

Nilikata simu. Kufuta maneno yale kungechukua dakika moja, lakini masalio ya mama yangepotea.

Niliingiza faili upya, safu ile yote ikisomwa kama maandishi. Kisha nikaigawa sehemu mbili: magunia huku, gorogoro kule. Kopo moja ni kilo mbili. Makopo arobaini na tano hujaza gunia. Nilifanya hesabu polepole, huku ukungu ukifunguka dirishani na mama akisinzia, midomo yake ikichezacheza kama anayehesabu pamoja nami.

Saa tano na nusu jina lake lilikuwa na mahindi yake, na orodha ikaenda benki. Gunia lilikuwa shilingi 1,350, gorogoro shilingi 30. Nilimwamsha, nikamsomea: shilingi 15,390.