Siku Niliyomhesabia Dada Yangu Sitapu

Naandika haya nimejifunika shuka mpaka kichwani, na huku ni mchana na joto limekaza, maana kila nikikikumbuka kile kiwanja cha Wete uso unawaka upya, na kama nyinyi ni mashoga zangu kweli mtasoma mpaka mwisho ndipo mcheke.

Kosa si la jeshi, kosa ni langu la kupenda kujua. Dada yangu Mwanaisha alikuwa anakwenda kupimwa mazoezi ya viungo ili aingie jeshini, na hiyo ndiyo ilikuwa nafasi yake ya mwisho kwa sababu mwakani umri utakuwa umempita, nami nikaomba nifuatane naye kutoka Mtambile nimshikie maji na viatu. Maji (hapa sisemi uongo) yalikuwa kisingizio. Nilitaka kuona wanapimaje. Wiki nzima nilikuwa namsumbua: kwa nini wasichana wafanye sitapu thelathini kwa dakika, si ishirini na tano, si arubaini? Ni nani huyo aliyepimwa mwanzo kabisa hata ikajulikana kwamba wa thelathini anafaa kuwa askari na wa ishirini na tisa arudi kwao?

"Zuwe, ukimwona huyo mtu mwambie na mimi namtafuta," dada akanijibu, yuko sakafuni anatweta.

Basi tukafika, mbio akazimaliza vizuri, zikaja sitapu. Hizi wanafanya wawili wawili, mmoja analala chali na kuinua mgongo, na mwenziwe anamshika miguu na kumhesabia kwa sauti. Mimi nilikuwa nimeanzia kivulini na ndoo yangu, lakini nikajisogeza kidogo, nikajisogeza tena, mpaka nikafika kwenye mstari wa chokaa, maana nilitaka kuona kama kiwiko lazima kiguse goti au kikikaribia inatosha (nyumbani bibi akipima karafuu hujaza pishi mpaka ikafanya kilima, na kuna wengine wanaipitishia mkono juu ikawa sawa, na siku zote najiuliza pishi ya kweli ni ipi). Kumbe yule msichana aliyepangwa pamoja na dada alitapika baada ya mbio, wamemlaza pembeni. Afande, mwanamke mrefu mwenye lafudhi ya bara, akaangaza macho, macho yakanikuta mimi.

"Wewe mwenye mtandio wa kijani, shika miguu."

Mtu mwenye ulimi angesema afande, mimi mwanafunzi, nimeleta maji tu. Lakini mimi hata skuli nikiulizwa jina langu naangalia dawati. Nikapiga magoti nikashika.

Filimbi ikalia, dada akainuka, nami nikafungua mdomo nikatoa hesabu pekee niliyowahi kuihesabu kwa sauti tangu kuzaliwa, ile ya nyuma ya nyumba wakati bibi anawapimia wachumaji karafuu zao, ambapo pishi ya kwanza haiitwi moja, kwa sababu ukianza na moja, bibi anasema, umeifungia riziki mlango.

"Baraka," nikasema.

Afande akainama. "Baraka ndiye nani?"

Mstari mzima ukaangua kicheko, maana wasichana wote ni wa kwetu, hesabu hiyo wanaijua, na dada naye akacheka, na mtu hawezi kucheka na kuinua mgongo kwa wakati mmoja, akaporomoka kama gunia. Akajikusanya akaendelea, lakini mimi sauti ilishanikimbia, nikawa nahesabu kwa midomo mitupu kama anayesoma dua.

"Paza sauti, we mtoto," dada akanong'ona kila akiinuka. "Zuwe, paza sauti."

Afande akasimamisha saa yake. "Nisichokisikia hakikufanywa. Huyu hana hata moja. Apumzike kidogo aanze upya."

Dada akajifuta jasho, akaninyooshea miguu tena. Hakunitukana, na ningeona nafuu lau angenitukana.

Filimbi ya pili ilipolia nikafumba macho nikapiga kelele kama namwita mtu ng'ambo ya konde, na wallahi mdomo ukashika njia yake ya zamani, "Baraka", lakini safari hii sikusimama, mbili, tatu, nne, wakacheka wakachoka, halafu wale waliokuwa wakisubiri zamu wakaanza kuitikia pamoja nami, mpaka nikaitoa thelathini, dada akajitupa chali, nami nikamwachia miguu.

"Ishirini na tisa," afande akasema, macho kwenye saa. "Baraka haimo katika kipimo changu."

Saa ilikuwa bado inakwenda. Nikamrukia dada miguuni. "Dada, bado moja," nikasema, na nadhani walinisikia mpaka mtaa wa Jadida.

Akainuka polepole, meno nje, shingo imetoka mishipa, kiwiko kikagusa goti na filimbi ikalia.

Afande akamtazama, akanitazama na mimi. "Imo," akasema. Kisha akanigeukia. "Na wewe mhesabuji, namba yako ya kifuani iko wapi?"

"Sina, afande. Mimi nimeleta maji."

Nisiwaeleze walivyocheka. Hata yule aliyelazwa pembeni aliinua kichwa.

Tuliporudi nyumbani dada alimsimulia bibi yote bila kunistahi, na bibi akasikiliza huku anazigeuza karafuu juu ya jamvi, hacheki.

"Kwa hiyo kafanya thelathini na moja," akasema mwishowe. "Huyo mama wa jeshi kapata pishi yenye kilima na wala hajui."

Dada sasa anangoja vipimo vya hospitali, na kaniambia niende naye popote duniani isipokuwa huko. Nami nimeapa sitokaribia tena mstari wa chokaa nisio na kazi nao. Ila lile swali bado linanikera: yule mtu wa kwanza kabisa kupimwa, nani alimshika miguu, na alimwanzia na ngapi?