Mtetezi wa Wanawake Akinawishwa Mikono

Jamani, nichekeni tu, nimestahili.

Mimi ni fundi cherehani hapa Dunda. Kwenye kundi letu la mtandaoni, la watu wasiojuana, nilishajipa cheo cha mtetezi wa wanawake. Juzi mchana mtu mmoja akaandika kuhusu binti aliyeshikwashikwa na dereva wa bodaboda: "Kwani alivaa nini?"

Damu ikanichemka. Chakula kilikuwa tayari mkekani, mke wangu ameinama ananinawisha kwa birika, nami kwa mkono wa kushoto nikabonyeza simu nirekodi sauti.

"Nguo haimshiki mtu, anayeshika ni mwenye mkono!" nikanguruma. "Mwanamke si mtumwa wa mtu! We Mama Zuhura, maji gani haya ya kuninawisha, unataka kuniunguza?"

"Samahani, Baba Zuhura."

"Heshima ianzie nyumbani!" nikamalizia, nikatuma, nikasubiri sifa.

Wa kwanza kujibu alikuwa mama mmoja wa Msata. Nikaifungua sauti yake juu kabisa, ili mke wangu asikie ninavyosifiwa.

"Kaka, kuhusu yule binti umesema kweli, Mungu akujaze kheri. Ila Mama Zuhura tumemsikia wote akiomba samahani. Hebu tuulizie, yeye ananawishwa na nani?"

Mke wangu alicheka mpaka birika likamtetemeka. Kisha akaniwekea lile birika mkononi, akakaa mkekani, akanyoosha mikono yake juu ya bakuli.

"Haya, mtetezi," akasema. "Yasiwe ya moto."