Mwaka Niliodanganya Mti wa Gogo

Rafiki yangu, kama wiki iliyopita ulipita barabara ya kijijini kwetu Ziwa ukaona mwanamke mnene wa heshima zake amepiga magoti kando ya shamba, amekumbatia mti na kuupapasa shina kama daktari anayetafuta uvimbe, usiende kusema umeona mwendawazimu. Huyo alikuwa mimi. Nilikuwa natafuta waya.

Nilikuwa nimetoka Eldoret asubuhi kumtembelea kaka yangu mdogo, ambaye ndiye analima shamba la nyumbani siku hizi. Alinipokea barabarani, na tulipokaribia lango nikainua macho, na pale mpakani nikaona mti mwekundu umechanua. Bila jani hata moja, kila tawi limeshika maua kama makaa. Na huu ni mwezi wa kumi na moja! Mti huo kwetu huchanua mwezi wa pili ukielekea wa tatu, wakati kiangazi kimekauka mpaka hata mbwa wanaona uvivu kubweka. Nikasimama palepale.

"Dada, ni maua tu," kaka yangu akasema, akicheka.

Nikampa mkoba, nikashuka chini. Nikapapasa lile shina kuanzia mizizini mpaka mkono wangu ulipofika, miiba yake ikinichoma viganja. Hakukuwa na waya. Hapo ndipo niliogopa kabisa, na wacha nikueleze kwa nini.

Nililelewa hapo na bibi yangu, mama ya baba, ambaye sisi huku humwita Gogo. Jiko lake lilikuwa jeusi kwa moshi, na moshi huo ulikuwa na kazi yake. Juu ya moto, darini, yalining'inia mahindi ya mbegu, yamefungwa mawili mawili kwa maganda yao, ili dumuzi, mdudu wa kutoboa nafaka, asithubutu kuyasogelea. Mimi nilikuwa nalala nikiyaangalia. Nilijua kwamba ugali wote wa mwaka ujao, uji wote, hata mahindi ya kuchoma ya kuunguza ulimi, vyote viko pale juu vikikohoa pamoja nasi. Asubuhi baridi ya Ziwa ya siku hizo ilikuwa inaweza kukukata sikio ukaliokota njiani jioni ukirudi. Gogo alikuwa ananipa mursik kutoka kwa kibuyu, maziwa yale mazito yenye harufu ya mkaa, halafu ananituma kwa ndama.

Kwetu tulikuwa tunapanda vumbini. Mbegu inaingia ardhini kabla ya mvua, ili mvua ikifika iikute imeshakaa mezani na kijiko mkononi. Lakini kupanda vumbini ni mchezo wa hatari. Ukichelewa, mvua inakutangulia na magugu yanakula shamba. Ukiwahi sana, kimvua cha uongo kinaamsha mbegu, kisha jua linaikaanga. Kwa hivyo lazima ujue siku, na siku alikuwa anaijua Gogo peke yake.

Aliijua hivi. Mti mwekundu ulipochanua, alingoja maua yaanguke. Kila asubuhi alikwenda pale chini, akavua gambuti moja, vile viatu virefu vya mpira, akakanyaga zulia la maua kwa mguu mtupu. Vidole vikionekana, alivaa gambuti yake akarudi jikoni. Siku vidole vyote vitano vilipofunikwa, alisimama mpakani akaita kwa sauti iliyosikika mpaka Kitale: "Tupande!" Ukoo wote na majirani wote wakainua majembe. Hata mama mwenye duka, aliyekuja kutoka Murang'a akiwa msichana, na ambaye alikuwa na kalenda kubwa ukutani na kututangazia kwamba yeye ni mtu wa tarehe, alikuwa anachungulia dirishani kuangalia mguu wa Gogo kama sisi wengine.

Sasa njoo kwenye dhambi yangu. Nilikuwa na miaka tisa. Ndama wetu mwaka huo alikuwa mkorofi kuliko ndama wote walioumbwa. Kila nikipigilia kigingi, yeye anaking'oa, anaingia kwa sukuma wiki, na mimi ndiye ninayechapwa. Likizo ya Agosti nikaona kipande cha waya kilichobaki wakati wa kujenga ua. Nikauzungusha kwenye shina la mti mwekundu mara mbili, nikatia kijiti, nikasokota mpaka gome likalia. Kamba ya ndama nikaifunga hapo. Ndama hakutoka tena! Nilijiona injinia. Shule ilipofunguliwa nikasahau kila kitu, na gome likavimba taratibu, likaumeza ule waya, ukabaki mstari tu kama mshipi kwenye tumbo la mzee aliyeshiba.

Januari, asubuhi moja, nilisikia nyuki. Nikatoka nje nikakuta mti umewaka mwekundu wote. Gogo alikuwa amesimama na sufuria mkononi.

"Mapema hivi?" akasema, kana kwamba anamuuliza mgeni aliyefika kabla ya chakula kuiva. "Haya. Huu mti niliukuta hapa nikiolewa. Haujawahi kunidanganya."

Nikatembea polepole mpaka kwenye shina. Juu ya mstari wangu gome lilikuwa limevimba kama koo la mtu anayesongwa. Chini yake shina lilikuwa limekonda. Sikujua sayansi yoyote, lakini mtoto hujua kosa lake hata likivaa koti. Ningesema siku hiyo, naapa, kama mtu angeniuliza. Lakini nani humuuliza mtoto wa miaka tisa mambo ya kupanda? Kila asubuhi nilimwangalia Gogo akivua gambuti, na kila asubuhi nilikuwa naomba vidole vyake vionekane. Vikaonekana vinne. Vikaonekana viwili. Asubuhi moja sikuona hata kimoja.

"Tupande!"

Mbegu ikashuka kutoka darini. Nilipewa bakuli, nikafuata jembe la Gogo, punje mbili kila shimo, nikifukia kwa kisigino. Vumbi lilikuwa la moto. Wengine walikuwa wanaimba. Mimi nilihisi ninazika watu. Usiku nilikuwa naangalia dari tupu.

Mvua ikanyesha siku nne. Rafiki, nilicheza kwenye matope kama kichaa! Mahindi yakatoka, mistari ya kijani, kimo cha kidole, nikasema Mungu amenifichia. Siku ya tano jua likatoka, likakaa. Likakaa wiki, likakaa ya pili. Majani yakajikunja kama sigara. Yakawa rangi ya majivu. Gogo alikuwa anatembea katikati ya mistari saa sita mchana, anainama, anagusa moja, anasimama. Ilikuwa bado Februari. Mvua ya kweli ilikuwa mbali.

Nikatumwa dukani kununua chumvi. Nikasimama nyuma ya watu wazima, na nikasikia.

"Huyo mama amezeeka," mkulima mmoja alikuwa anasema. "Macho imeisha."

"Si macho yake, ni akili yetu sisi," mama mwenye duka akamjibu. "Watu wazima tunapanda kwa sababu mguu wa mtu umefunikwa na maua! Wewe msichana, umetumwa chumvi ama umetumwa masikio?"

Nilikimbia mpaka nyumbani bila chumvi. Lakini maneno yalinitangulia, kwa sababu jioni hiyo Gogo alipakua mboga, akaketi, akasema bila kutuangalia, "Mwaka ujao msiniulize. Muulizeni mwenye kalenda." Halafu akaondoa gambuti zake mlangoni, akaziweka nyuma ya magunia, mahali pa vitu visivyotumika.

Nimeogopa mengi maishani. Nimeogopa chui wa msitu wa Kaptagat ambaye hajawahi kuonekana na mtu yeyote. Lakini sijawahi kuogopa kama nilivyoogopa nikiangalia zile gambuti. Niliona kwamba nikinyamaza siku moja zaidi, bibi yangu atakwisha, na ni mimi nitakuwa nimemmaliza.

Asubuhi nikamfuata akikamua.

"Gogo, ni mimi."

"Ni wewe nini?" Maziwa yakaendelea kulia kwenye ndoo.

"Nilifunga mti na waya."

Maziwa yakanyamaza. Akainuka, mikono bado imelowa, akaenda mbele na mimi nyuma, miguu yangu ikitaka kwenda upande wa pili. Akapitisha kidole kwenye ule mstari, akabandua gome kidogo, akaona chuma. Nilingoja kofi. Nilikuwa nimelifumbia macho kabisa. Badala yake nikasikia sauti ndogo, "Pole, mama," na nilipofungua macho nikaona hakuwa ananiambia mimi. Alikuwa ameegemeza paji la uso kwenye shina.

"Ulidhani unakufa," akauambia. "Ukaharakisha kuzaa." Kisha akanigeukia. "Na mimi nilikuwa nimeanza kudhani nimekwisha. Osha uso. Twende ukawaambie."

"Akina nani?"

"Wote waliopanda."

Zilikuwa nyumba saba. Kwa hesabu ya miguu yangu zilikuwa mia saba. Kila mlango Gogo alibisha, akanisukuma mbele, na mimi nikasema sentensi yangu nikiangalia viatu vya watu. Mmoja alitema mate chini. Mmoja alisema ningekuwa wake ningelala na ndama mwezi mzima. Mwalimu wetu, aliyetoka upande wa Kisumu, aliingia ndani akatoka na koleo, akaenda kukata waya. Dukani ndiko nilikuwa naogopa zaidi, na ndiko tuliishia.

Mama mwenye duka alinisikiliza mpaka mwisho, mikono juu ya mzani.

"Waya ngapi?"

"Moja. Mara mbili."

Akamwangalia Gogo. "Kwa hivyo mguu wako uko sawa."

"Uko sawa."

"Basi kesho naleta mbegu. Niko na debe moja, sikupanda yote."

"Na kwa nini hukupanda?" Gogo akauliza.

"Kalenda ilikataa."

Walicheka wale wamama wawili mpaka wakashikana mabega juu ya kaunta. Mimi nilikuwa nalia. "Na wewe," mwenye duka akaniambia akipangusa machozi yake, "rudia hiyo maneno. Huyu mzee ameingia sasa hivi, hajasikia."

Tulipanda tena mwishoni mwa Machi, kwa mbegu za kuchangiwa, na mavuno yakawa madogo. Mwaka huo tulikula viazi mpaka nikaanza kufanana navyo, na ugali ukawa mgeni wa Jumapili. Lakini Gogo alivaa gambuti zake, na mwaka uliofuata mti ulichanua wakati wake, na watu walingoja mguu wake kama zamani.

Miaka mingi baadaye, nikiwa mama wa watoto watatu, nilirudi shule ya jioni pale Eldoret kumaliza kidato cha nne. Mwalimu wa biolojia, kijana mdogo wa kuweza kuwa mwanangu, alitufundisha kwamba mmea haukurupuki tu kutoa maua. Kuna mimea inayopima urefu wa usiku. Huku kwetu, ambako usiku na mchana karibu ni sawa, mingi husikiliza zaidi ukame, baridi na mvua ya kwanza. Na mmea ukiumia au ukibanwa, unaweza kuchanua kabla ya wakati, uache mbegu kabla haujafa. Darasa lote likaandika. Mimi niliweka kalamu chini. Gogo hakuwahi kushika kitabu, na alikuwa amesema hayo hayo akiwa na maziwa mikononi.

Basi sasa unaelewa magoti yangu. Ule mti wa Gogo ulianguka zamani. Huu wa mpakani ulimea kutoka kwa mbegu zake, zile nyekundu zenye jicho jeusi. Ukifungwa na mtoto mtundu, hilo ni jambo dogo, unamtafuta mtoto. Lakini huu hakuna aliyeufunga. Na si huu pekee. Nikirudi kutoka Ziwa, na siku nyingine nikienda Sugoi, nimeona mmoja una maua, jirani yake ana majani, wa tatu una maganda yaliyokauka, kama kwaya ambayo kila mtu anaimba ubeti wake. Kiangazi kinanyesha. Julai, ile iliyokuwa inakata masikio, siku hizi unatembea na fulana. Gogo amelala kaburini kando ya ua. Duka limekuwa la kuuza simu, na kila mtu anapanda siku yake, anavyoambiwa na simu yake, na simu hazikubaliani.

Nilipoinuka pale chini, nikipangusa magoti, kaka yangu hakuwa anacheka tena.

"Mvua imenyesha wiki mbili, na haikuwa wakati wake," akasema. "Huko juu wameanza kupanda. Mbegu niko nayo kwa stoo, na ndiyo hiyo tu. Dada, wewe ndiye umesoma, na wewe ndiye ulikaa na Gogo. Tupande ama tungoje?"

Wewe unanijua. Mimi nina jibu la kila kitu, na nikikosa naliunda. Nikaangalia mti, nikaangalia mawingu, nikaangalia uso wake, ambao ukikunja kipaji ni wa Gogo mtupu.

"Sijui," nikamwambia.

Akasubiri kidogo nicheke, kwa sababu mimi hucheka. Sikucheka.