Ubani, CD na Idhini ya Baba

Sheikh wa Tanga ndiye aliyeyaanzisha yote. Aliwahi kufungisha ndoa kwa idhini ya simu, kumbe aliyejiita baba ni mjomba mtu, mwenye sauti nene na haraka zake. Tangu hapo akaapa: baba aliye mbali ataonekana kwa kamera, la sivyo ndoa haifungwi.

Baba wa safari hii alikuwa mlinzi wa duka la jumla pale Fordsburg, mtaa wa Johannesburg. Alikuja huku kutafuta maisha, makaratasi yakamgeuka. Akivuka mpaka harudi tena. Binti alimwacha ndiyo kwanza anajifunza kuhesabu. Leo binti anaolewa, sheikh na ndugu wote wamejibana katika duka la intaneti huko Tanga, na baba mtu ameketi katika duka letu la intaneti la huku, kanzu juu, suruali ya ulinzi chini, anangoja kuonekana.

Nasi hatukuwa na intaneti.

Kampuni iliyotuuzia laini ilitukatia asubuhi ile. Kompyuta zetu, walisema, zinatapika virusi hadi kwa wateja wao wengine. Hawafungui mpaka tuweke faiawoli, yaani mashine moja ikae mlangoni mwa mtandao na kukagua kila kinachoingia na kutoka. Fundi ni mimi. Nikachukua kompyuta kuukuu iliyokaa mezani pa mwenye duka, nikatia CD ya programu, nikawasha.

CD ikazunguka, picha ikatokea, mashine ikaniuliza nataka lugha gani. Nikajibu. Halafu ikaandika kwamba imeshindwa kupachika diski, maana yake haiioni CD. CD ile ile iliyoiamsha! Mtu yuko sebuleni kwako, anakula wali wako, anakwambia hajapata kuiona nyumba hii. Nilibadilisha waya. Nikachoma CD nyingine. Nikaitukana mashine, na mama yake.

"Huyo mlinzi wako mbona haingii kazini?" aliniuliza baba wa binti. "Mimi nikichelewa hivi wananifukuza."

Mwenye duka, ambaye sote tulimwita shangazi, alikuwa Mtanga aliyeolewa na mpigania uhuru wa Afrika Kusini akamfuata aliporudi kwao. Kila asubuhi alifukiza ubani dukani, kuvuta wateja na kufukuza kijicho, na chetezo kilikaa ubavuni pa kompyuta ile. Aliposikia CD imegoma alikiendea chetezo. Akaongeza mkaa, akatupia ubani.

Nikajaribu tena. Ikagoma mapema zaidi.

"Arusi haikosi mahasidi," alisema shangazi, akatupia mwingine.

Msusi wa Kikongo aliyekuwa akingoja laini irudi akasimama. "Grand frère, kaka mkubwa, hii mashini iko na pepo. Acha niiombee." Akaiombea kwa Kifaransa, mkono juu ya kibodi, huku shangazi akiifukiza upande wa pili. Dini mbili zikaihurumia mashine moja, nayo ikazikataa zote. Nilitaka kucheka, na nilitaka kumtoa mtu nje, sijui nani.

Tanga iko saa moja mbele yetu. Simu ya mlinzi ikalia: alasiri imeshaswaliwa, sheikh anauliza. Akajibu, akaiweka simu mfukoni, akaniangalia.

"Kaka, wale wa upande wa mume walishasema binti hana baba. Nisipoonekana leo, watakuwa wamesema kweli."

Nilichomoa CD, nikaitia kwenye kompyuta ya mlangoni, kule kunakopita upepo wa barabarani. Ikasomeka bila kikwazo; kumbe kosa si la CD. Nikarudi kwa ile korofi, nikaifungua. Feni yake ilikuwa imevuta moshi wa miezi na miezi, na kilenzi kinachosoma CD kimevaa utando wa manjano unaonata. Nikaugusa, nikanusa kidole. Ubani.

"Shangazi, zima chetezo."

"Siku ya arusi? Una wazimu?"

"Zima, shangazi yangu, nakuomba."

Akazima kwa kununa. Nikasafisha kilenzi kwa pamba na spiriti. CD ikakubali, faiawoli ikaingia, kampuni ikakagua, ikafungua laini. Uso wa sheikh ukajaa kwenye skrini.

"Simwoni mtu," alisema. "Naona ukungu. Baba yuko wapi?"

"Nipo, sheikh!"

"Sauti naisikia. Sauti zilishanitia hasarani."

Ukungu! Niliruka, nikafuta jicho la kamera kwa pindo la shati. Sheikh akasogea, akakunja uso, akamwonyesha mtu picha ya zamani. "Huyu wa hapa nywele zake nyeusi." Akaona bora amwite binti mwenyewe.

Binti akaja, mtandio kichwani, akainama mbele ya kamera. Alitazama kwa muda mrefu mpaka nikadhani picha imeganda.

"Ndiye baba," akasema. "Baba, mbona umekuwa mzee? Na mbona unalia?"

Mlinzi alijifuta kwa mkono wa kanzu.

"Ni moshi, mwanangu. Shangazi wa huku anafukiza ubani tangu asubuhi." Kisha akakohoa, akajiweka sawa kitini. "Sheikh, mwozeshe."

Chetezo kilikuwa mbele yake, kimeshapoa.