Ngozi ya Ndama wa Mbula

Wajukuu zangu walirudi kutoka kibanda cha video wakisukumana na kucheka. Walikuwa wametazama sinema ya madaktari waliochanganya mbegu za wanyama ndani ya chupa, wakapata kiumbe cha kutisha kilichowala madaktari wenyewe. Mjukuu wangu mmoja akaniuliza, "Babu, mambo haya yanaweza kutokea kweli?" Wenzake wakamcheka. Mimi niliwaambia waende kulala, kwa sababu jibu langu ni refu na si la kuchekesha.

Leo nimeamua kulisema. Yalitokea, na niliyaona kwa macho haya haya. Ila tofauti ni moja: kiumbe cha kwenye sinema kilikuwa kibaya. Niliyemwona mimi hakuwa mbaya hata kidogo, na hilo ndilo linaloniuma.

Ilikuwa miaka michache baada ya Vita Kuu ya Pili. Vijana wa rika langu walikuwa wakikimbilia Mwadui kwenye almasi au Geita kwenye dhahabu. Mimi nilipenda ng'ombe, nikapata kazi ya ukamuaji katika kituo kidogo cha mifugo upande wa Shinyanga. Kituo hicho hakipo tena, kwa hiyo usihangaike kukitafuta.

Mkubwa wetu alikuwa Mzungu mmoja mrefu, mpole. Tulimwita Bwana Mbegu. Alipenda kutueleza kazi yake, nami nilipenda kusikiliza. Alisema mbung'o, yule nzi wa porini, anaua ng'ombe wetu lakini hamuui nyati wala pofu, yule swala mkubwa. Kwa nini? Kwa sababu mbegu ya kila mnyama hubeba maagizo ya jinsi mtoto atakavyokuwa: pembe, rangi, hata nguvu ya damu. Yeye alitaka kuchukua maagizo ya mnyama wa porini na kuyatia katika ng'ombe.

Rashidi, mkamuaji mwenzangu kutoka Tabora, akamuuliza, "Na hasira za nyati je, Bwana? Zitakuja na maziwa, au utaziacha kwenye chupa?"

Bwana Mbegu alicheka mpaka miwani ikamteleza. Nakueleza haya ili usimfikirie kama mchawi. Alikuwa mtu aliyetaka ng'ombe wetu wasife.

Sasa nikueleze habari ya dada yangu. Minza alikuwa amejifungua mtoto wa kike, Holo. Mume wake alikuwa machimboni Geita. Homa ilimshika Minza baada ya uzazi, na ilipomwachia, maziwa yake yalikuwa yamekauka kabisa. Mwaka ule ulikuwa wa ukame, ng'ombe wa nyumbani walikuwa mifupa mitupu. Nilimweleza Bwana Mbegu, naye akasema ng'ombe mmoja wa kituo, Mbula, akizaa, sehemu ya maziwa yake itakuwa ya mtoto. Tulimngojea Mbula kama watu wanaongojea mvua, na kwa Kisukuma jina lake maana yake ni mvua. Wakati huo Holo alikuwa akinyweshwa uji mwembamba kwa kijiko, na kila siku alizidi kuwa mwepesi mikononi.

Mbula alikuwa mmoja wa wale waliotiwa mbegu aliyoichanganya Bwana Mbegu kwenye chupa.

Alizaa mchana, mimi nikiwa kisimani. Rashidi ndiye aliyeona. Aliniambia ndama alikuwa hai lakini dhaifu, na ngozi yake ilimlegea mwilini kama koti la kuazima. Bwana Mbegu alimfunika kwa gunia, akambeba mpaka kwenye nyumba alimoweka chupa zake za kazi, tuliyoiita nyumba ya chupa, akafunga mlango.

Kesho yake Mbula alizuia maziwa. Alipiga ndoo teke, akageuza shingo kumtafuta mtoto. Kiwele kilikuwa kimejaa, na hakuna hata tone lililotoka. Minza alisimama mlangoni mwa zizi na kibuyu chake, Holo akiwa mgongoni, hana hata nguvu ya kulia.

Wewe uliyekulia mjini huenda hujui tunachofanya katika hali kama hiyo. Ndama akifa, tunamchuna, tunakausha ngozi, tunaijaza majani makavu na kuishona. Tunaipaka chumvi ili mama ailambe. Kisha tunaisimamisha mbele yake wakati wa kukamua. Anainusa, anadhani ni mtoto wake, anaachia maziwa. Ni jambo la kawaida, baba zetu walilifanya na sisi tunalifanya.

Minza akaenda mwenyewe mpaka kwenye nyumba ya chupa. Nilimfuata.

"Shikamoo, Bwana. Naomba ngozi ya ndama wa Mbula."

Bwana Mbegu alimtazama kwa mshangao. "Ngozi? Ipo," akasema. Akaingia ndani, akatuletea.

Ulisikia alivyojibu? Alisema ngozi ipo. Hakusema ndama amekufa, na sisi hatukumuuliza. Kwetu, mtu akikupa ngozi ya ndama, huna haja ya kuuliza kama ndama yu hai. Utaulizaje? Na yeye hakujua tunaitaka ya nini.

Niliona jambo moja tu. Ngozi ile haikupasuliwa tumboni kama tunavyochuna sisi. Ilipasuka mgongoni, kutoka shingoni mpaka mkiani, na haikuwa na alama ya kisu. Nikajiambia labda ndivyo Wazungu wanavyochuna.

Tuliikausha, tukaijaza majani, tukaipaka chumvi ya kutosha. Mbula aliinusa, akatoa mlio ule wa chini kwa chini wa ng'ombe aliyempata mtoto wake, akaanza kuilamba. Maziwa yakaja. Siku hizo zote Bwana Mbegu alijifungia kwenye nyumba ya chupa, zizini hakufika. Holo alikunywa, na baada ya siku kadhaa mashavu yakaanza kurudi. Rashidi akamwambia Minza, "Mama Holo, huyu akikua usishangae akiomba majani badala ya ugali." Minza akacheka. Sikuwa nimemsikia akicheka tangu homa.

Kisha ikaja alfajiri ile.

Bado kulikuwa na giza la mwisho mwisho. Nilikuwa nimechuchumaa chini ya Mbula, Minza amesimama karibu. Tukasikia mtoto analia. Minza akapapasa mgongoni. Holo alikuwa amelala.

"Kaka," akasema, "si huyu."

Kilio kilitoka kwenye ua wa miiba. Niamini, kilikuwa kilio cha mtoto mchanga, si cha ndama. Halafu mwenye kilio akapenya kwenye ua, akaja. Alikuwa na miguu ya ndama na kichwa cha ndama, lakini macho yake yalikuwa mbele, kama yangu na yako. Hakuwa na unyoya hata mmoja. Alikuwa na utando tu, mwembamba kama ule unaotanda juu ya maziwa yaliyochemshwa, na chini yake mishipa ilikuwa ikipiga. Miiba ya ua ilikuwa imemchana.

Niliinuka, nikasimama mbele ya Minza.

Hakututazama. Alimwendea Mbula moja kwa moja. Mbula akamnusa, akampiga teke. Yule ndama akainuka, akarudi. Akapigwa tena. Unaelewa kilichokuwa kinatokea? Mama alikuwa na mtoto wake tayari, yule wa majani, na alikuwa akimlinda dhidi ya mgeni. Yule mgeni akaigeukia ngozi yake mwenyewe, akainusa toka kwato mpaka sikio. Akalala kando yake.

"Toa majani," Minza akaniambia. "Mrudishie."

"Na maziwa ya Holo?"

"Nimesema toa, kaka."

Nikakata uzi, nikayamwaga majani. Mbula alianza kuhangaika na ndoo ikapinduka. Minza akaichukua ngozi kwa mikono yake, akamfunika yule ndama mgongoni, taratibu, kama unavyomfunika mtoto nguo. Mbula akanusa. Akatoa mlio ule wa chini. Akasogea, akamwachia kiwele.

Ndama akanyonya kwa mara ya kwanza. Na hapo hapo akaanza kulia.

Ilikuwa chumvi. Tulikuwa tumeipaka ngozi chumvi, nayo sasa ilikuwa juu ya mwili usio na ngozi. Alitetemeka toka kichwani mpaka kwatoni, akalia, lakini hakuiachia chuchu. Nilijaribu kumvua ngozi, akaing'ang'ania. Nikammwagia maji ya kuoshea kiwele yaliyokuwamo kwenye kibuyu, hayakutosha. Alijua kwamba bila ngozi ile mama hatamkubali.

Bwana Mbegu alikuja mbio na taa ya chemli, bila viatu. Alisema ndama alivua ngozi usiku wa kwanza, kama nyoka, na tangu hapo alikataa chupa ya maziwa, akaishi kwa matone ya kijiko, na usiku ule alikuwa amevunja mlango.

"Uliniomba ngozi," akamwambia Minza. "Hukuniuliza kama yuko hai."

"Kwetu hakuna anayeuliza hivyo, Bwana."

Akakaa chini kwenye samadi, akafunika uso.

Jua lilipochomoza ndama alikuwa amekufa, mdomo wake ukiwa bado kwenye chuchu. Nilipomtazama dada yangu, nikaona nguo yake imelowa kifuani. Kile kilio kilikuwa kimeyafungua maziwa yake, yale yaliyokauka kwa miezi. Akaketi pale pale, akamshusha Holo mgongoni, akamnyonyesha huku machozi yakimtoka.

Tulimzika ndama na ngozi yake. Bwana Mbegu alivunja chupa zote, na kabla ya masika alikuwa ameondoka. Hatukusikia habari zake tena.

Holo alikua, na leo ana watoto wake. Lakini Minza mpaka anazeeka, ameota mvi na hana mtoto wa kunyonyesha, kuna alfajiri alizokuwa akiamka ghafla na kusikiliza upande wa porini, na nguo yake ikalowa. Sisi wengine hatukusikia kitu. Alikuwa akisema, "Analia," kisha anakaa kitandani mpaka kunapambazuka.

Kwa hiyo nakuomba, wewe unayesoma. Siku ukipewa kitu cha mtu mwingine, hata kama kimetolewa kwa roho nzuri, na hata kama mwanao anakihitaji, uliza kwanza mwenyewe yuko wapi. Usione aibu kuuliza. Sisi tungeuliza neno moja tu, Mbula angeletewa mtoto wake siku ile ile, kabla hatujashika chumvi.