Sifuri ya Mumbua

Mimi Ndunda sijui kutulia, lakini wiki ile nilizidi. Nakaa, nainuka, chai inapoa mezani. Fomu ya tathmini ya Mumbua ilikuwa mbele yangu, na penye swali "Mikutano uliyoitisha mwaka huu" alikuwa ameandika sifuri. Sifuri, jamani! Wenzake waliandika thelathini, arobaini. Kandarasi yake ilikuwa inaisha Ijumaa, na kwa sifuri hiyo ofisi kuu ya Mlolongo isingemwongezea hata siku moja.

Mumbua ni afisa wetu huko Muthetheni. Shirika letu hufundisha wakulima kuchimba mitaro ya fanya-juu, ile ya kuzuia mvua isibebe udongo. Mimi ndiye mkubwa wake, ingawa niko na vikundi vyangu sita pia.

Nikampigia. "Mumbua, hebu andika namba. Hata ishirini."

"Bosi, nidanganye? Wale wamama wanajiitia mikutano wenyewe."

"Kwani utakula ukweli?"

"Nimeshakula vibaya kuliko huo," akacheka, akakata simu. Kichwa ngumu, wui!

Ukutani kwangu umebandikwa mpango mkakati wa shirika, herufi kubwa: KILA KIKUNDI KIJISIMAMIE. Nimeupita miaka minne bila kuusoma. Siku hiyo niliusoma, nikarudia fomu, nikausoma tena. Nikashindwa kukaa. Nikawasha pikipiki.

Muthetheni niliwakuta wamama wa mwethya, kikundi cha kulimiana shamba kwa shamba, wamezama mtaroni, majembe yanalia. Mumbua hayupo. Damu ikanichemka.

"Mwaitu Kalondu," nikamwita mwenyekiti kwa heshima ya mama, "afisa wenu yuko wapi?"

"Tulimwambia asije. Kupima mtaro alishatufunza, na sisi tunafunza wale wa ng'ambo ya mto. Kwani unataka mkutano?"

"Hapana, mwaitu."

"Basi usitusimamie hapo. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Leo tuko na haraka, anza na hiyo ya tatu."

Nikachimba na viatu vya ofisi, wakanicheka mpaka wakafuta machozi. Niliona haya, tena haya kweli.

Nilirudi na malengelenge. Nikampa Mumbua tano juu ya tano, nikaandika kando: "Sifuri hii ndiyo mpango wetu wenyewe." Kesho yake Mlolongo wakapiga simu wakifoka. Nikafoka pia, nikawasomea ukuta wangu neno kwa neno, mpaka wakamwongezea mwaka.

Alhamisi ikawa zamu yangu kujaza fomu. Mikutano niliyoitisha: arobaini na mmoja. Chini yake nikaongeza mstari kwa mkono: vikundi vinavyofanya kazi nisipokuwepo. Nikainuka, nikazunguka meza, nikarudi, nikahesabu upya.

Kimoja. Na hicho ni cha Mumbua.